Mwende, Paipu ya Maji na Kilima cha Kituluni

Jumatatu jioni, katikati ya Juni.

Baridi imeingia Machakos, imevua viatu, na haina mpango wowote wa kuondoka. Tangu asubuhi ukungu umefunika vilima vya Iveti, na nguo nilizoanika jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Nimejifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine mabegani, na mbele yangu kuna kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa kawaida siku kama hii ningekuwa nanung'unika tu. Leo nina furaha mpaka najicheka peke yangu, na nisipoiandika nitaishia kumsimulia jirani, ambaye ameshachoka na hadithi zangu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza, mimi ni Ndunge, mwalimu wa Gredi ya Tano katika shule ndogo njia ya kwenda Mutituni. Nilisomea Kiswahili na Historia. Sayansi nilipewa muhula huu baada ya mwalimu wake kuhamishwa, mwalimu mkuu akatazama huku na kule katika chumba cha walimu, akaona ni mimi pekee niliyesahau kuinamisha kichwa.

Nimeipenda. Sikutarajia, lakini ndiyo hali.

Mada yetu ni nguvu na mwendo. Tulianza na kusukuma na kuvuta. Watoto walisukuma madawati mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kama tunahama. Wakavutana kwa kamba uwanjani. Wakaviringisha tairi kuukuu kwenye saruji, kisha kwenye nyasi, wakaona jinsi nyasi zinavyoikaba mpaka inapunguza mwendo na kulala. Msuguano waliuelewa hapo hapo, kabla sijalitaja neno lenyewe.

Kisha tukafika kwenye uvutano. Nilipanda juu ya kiti, nikashika jiwe mkono huu na chungwa mkono ule, nikaviachilia kwa pamoja. Vikagonga sakafu kwa pamoja. Darasa likapiga makofi, nami nikajiona mwalimu kweli kweli. Nikashuka, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba dunia huvuta kila kitu kuja chini. Kila kitu, mahali popote.

Hilo "popote" ndilo lililoniponza.

Mkono uliinuka dawati la mbele. Ulikuwa wa Mwende, na hilo halikunishangaza, kwa sababu mkono wa Mwende huinuka kabla yeye mwenyewe hajajua anataka kuuliza nini. Ni msichana mwembamba mwenye meno ya mbele makubwa na sweta lililomzidi. Siku za shule anakaa na shangazi yake karibu na shule, na wikendi anarudi kwao Kituluni kwa nyanya yake.

"Ticha, hapana," alisema. "Kwetu Kituluni maji inapanda."

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Kule Kituluni kuna kipande cha barabara ambacho kila mtu wa Machakos anakijua. Ukimwaga maji pale mahali unapoona ni chini, yanakimbia kuelekea juu. Dereva akizima gari na kuachilia breki, gari linaanza kupanda lenyewe polepole. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha. Wazee wana maelezo yao, ya mizimu na ya ndugu waliozikwa pande mbili za kilima, na kila familia ina toleo lake.

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akasoma ubao kwa sauti, "Popote!" Mwingine kutoka nyuma akasema kwao Mwende kuko na mapepo. Wakacheka zaidi.

"Mimi siko muongo," Mwende akasema, na sauti yake ikakatika katikati.

Na mimi je? Mimi niliyesimama pale na chaki? Nilisema tutaliangalia baadaye. Kengele ikalia na nikaishukuru kengele.

Ngoja niwe mkweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Kaka zangu walinipeleka Kituluni nikiwa mdogo, na maji niliyaona yakipanda kwa macho yangu mawili. Niliyaamini siku ile, na sikuwahi kuacha kuyaamini. Nilifundisha uvutano huku kichwani nina chumba kimoja cha kitabu na chumba kingine cha Kituluni, na mlango kati yao nilikuwa nimeufunga. Mwende aliufungua kwa sentensi moja.

Baada ya siku hiyo mkono wake haukuinuka tena. Watoto walimpa jina, wakawa wanamwita Mwende wa Mapepo. Niliwakemea, wakanyamaza mbele yangu, na nyuma yangu najua hawakunyamaza. Niliuliza maswali ambayo nilijua majibu anayo, nikamtazama yeye kabisa, naye akawa anatazama dirishani. Mtoto aliyekuwa akinichosha kwa maswali akawa mtulivu na mwenye adabu. Mwalimu mwingine aliniambia afadhali, sasa utafundisha kwa amani.

Sikuitaka hiyo amani.

Nilijua ninachotaka: kuuona mkono ule hewani tena. Lakini kila njia niliyoifikiria ilikuwa na mwiba. Nikithibitisha kwamba Mwende amekosea, wenzake watamcheka mpaka amalize shule. Nikisema amepatia, nitakuwa nimewafundisha watoto kwamba dunia huvuta kila kitu isipokuwa ukishapita Mutituni. Na zaidi ya yote, mimi mwenyewe sikujua ukweli uko wapi.

Jibu lilikuwa stoo kwangu, limelala juu ya debe la rangi. Tulipojenga nyumba hii, mafundi walisawazisha msingi kwa paipu ndefu ya plastiki inayoonyesha ndani, iliyojazwa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwingine anashika ncha ile, na maji ndani ya paipu hayana upendeleo. Yanatulia usawa mmoja pande zote mbili, hata kama ardhi ina matuta namna gani. Nilikuwa nimeiona ikitumika kila siku kwa miezi na sikuwahi kufikiria ni sayansi. Niliibeba shuleni ikiwa imezungushwa begani, na wauza mboga wakaniuliza kama nimeacha ualimu.

Tuliijaribu kwanza kwenye ngazi za ofisi. Tulifunga kila ncha kwenye fimbo, fimbo mbili za urefu mmoja, tukazisimamisha pamoja na kuweka alama pale maji yalipotulia. Kisha mtoto mmoja akapanda ngazi na fimbo yake, mwingine akabaki chini. Wakati wa kutembea waliziba ncha kwa kidole gumba ili maji yasimwagike, na wakishasimama wakaachilia. Kwenye fimbo ya aliye chini maji yalipanda juu ya alama. Kwa aliye juu yalishuka. Tulirudia kwa watoto wengine, tukarudia kwenye mteremko wa jikoni, ikawa vile vile kila mara.

Hafsa, ambaye baba yake anauza mbuzi sokoni na ambaye hapendi maneno mengi, ndiye aliyetupa kanuni. "Aliye chini ndio maji inampandia," alisema. Tuliiandika hivyo hivyo ubaoni, na kitabu chochote kikitaka kuisema vizuri zaidi, kijaribu.

Mwende alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Alitazama kila jaribio mpaka maji yakatulia.

Nilikwenda kuomba basi la shule. Mwalimu mkuu alivua miwani, akanitazama.

"Ndunge, unaenda kupigana na kilima?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ikikushinda?"

"Nitakuja kukuambia."

Akatia sahihi huku akitikisa kichwa.

Ijumaa tulienda. Jua lilikuwa limejitokeza kidogo, watoto waliimba njia nzima, na Mwende alikaa kiti cha nyuma ya dereva, begi lake mapajani. Nyanya yake, ambaye huku tunamwita Susu, anauza mahindi ya kuchoma kando ya kile kipande cha barabara, na wageni wakija yeye ndiye huwamwagia maji waone. Alikuwa ametuandalia jagi. Ni mama mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Ni wewe mwalimu unasema mtoto wangu ni muongo?" aliniuliza, kabla ya salamu.

"Hapana, Susu. Shikamoo. Mimi sijasema."

"Marahaba. Basi simama hapo uone."

Dereva wetu alisimama barabarani kuangalia magari. Susu aliinamisha jagi na kumwaga maji kidogo tu, kwa sababu Ukambani maji hayachezewi hata kwa maonyesho. Yale maji yalijikusanya, yakasita, kisha yakaanza kukimbia kwenda juu. Watoto walipiga kelele. Hafsa akaweka mpira juu ya lami na kuuachilia. Mpira nao ukaanza kupanda taratibu, kisha kwa kasi, ikabidi aukimbilie.

Wale waliokuwa wakicheka darasani walinyamaza. Mwende akasimama katikati yao, amejinyoosha, sweta limemkaa vizuri kwa mara ya kwanza.

"Niliwaambia," akasema.

Nakiri kwamba hapo nilitaka kuacha. Mtoto alikuwa ameshinda, wenzake walikuwa wanamtazama kwa heshima, na ningeweza kununua mahindi, kupiga picha na kurudi nyumbani. Paipu ilikuwa bado ndani ya basi. Hakuna ambaye angeniuliza.

Lakini ningeandika nini ubaoni Jumatatu? Niliitoa paipu.

"Mwende, utashika upande wa juu?"

Alinitazama usoni. Ni mtoto mwerevu, na alikuwa ameona kila kitu kilichotokea kwenye zile ngazi. Alijua namwomba nini. Akachukua fimbo, akaziba ncha kwa kidole gumba, akatembea kupanda barabara mpaka paipu ikanyooka. Hafsa alibaki huku chini. Kama macho yetu yalikuwa yanasema kweli, maji yangepanda kwa Hafsa.

Hayakupanda kwa Hafsa. Hayakupanda kwa Mwende pia. Yalikaa pale pale kwenye alama, pande zote mbili, kana kwamba tumesimama kwenye sakafu ya duka. "Iko sawa!" watoto wakaanza kupiga kelele. "Barabara iko tambarare!" Susu alicheka mpaka akashika magoti. Akaniambia paipu yangu imeona aibu mbele ya wageni.

Nikakagua paipu kutoka kwa Hafsa, nikitafuta povu la hewa au mahali ilipojikunja. Haikuwa na tatizo. Nilipofika kwa Mwende ndipo nilipoona. Kidole chake gumba kilikuwa bado kimeziba ncha, kimekandamiza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

Mtoto wa Ukambani hufundishwa kubeba maji kabla ya kufundishwa kuandika. Unatoka kisimani na mtungi, unatembea mwendo mrefu, na ukifika nyumbani na mtungi uliopungua unaulizwa. Huo ndio mkono uliokuwa umeshika paipu yangu, na mkono huo haujui kuachilia maji. Au labda Mwende aliogopa kitakachoonekana. Mpaka sasa sijui ni lipi, na sikumuuliza.

"Mwende," nilimwambia polepole. "Kidole."

"Itamwagika, Ticha."

"Ikimwagika ni sawa."

Akamgeukia nyanya yake. Susu, ambaye sidhani kama amewahi kumsikia mtu mzima akimruhusu mtoto kumwaga maji, alisonya. Kisha akanitazama, akamtazama mjukuu wake, na sura yake ikalegea.

"Achilia, tuone," alisema.

Mwende akainua kidole.

Maji yalianza kupanda kwenye fimbo yake. Yalipita alama, yakaendelea, yakafika mdomoni mwa paipu, yakamwagika juu ya vidole vyake na kwenye mkono wa sweta. Kule kwa Hafsa yalikuwa yanashuka. Hakuna aliyepiga kelele safari hii. Kila mtoto alikuwa na ile kanuni kichwani na kila mmoja alikuwa anaipima na macho yake, na vitu hivyo viwili vilikuwa vimekataa kupatana.

Mwende alitazama fimbo. Akamtazama Hafsa, aliyeonekana wazi kabisa yuko bondeni. Akatazama tena fimbo.

"Ticha," akasema. "Mimi ndio niko chini."

Nilikuwa tayari kwa machozi, nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumbembeleza, na nilikuwa najichukia kidogo kwa kumfanya ayaseme mwenyewe mbele ya wote.

Akacheka! Alicheka kwa sauti ile ya nyanya yake. Akampa mwenzake fimbo, akageuka, akainama na kuitazama barabara kupitia katikati ya miguu yake, kichwa chini. Akasimama, akainama tena.

"Haiwezekani! Bado naona niko juu! Ticha, macho yangu inanidanganya na mimi nimejua!"

Basi ikawa fujo. Darasa zima liliinama kando ya barabara, makalio juu, vichwa chini, wakitazama kilima kutoka kila upande. Lori lililopita lilipiga honi na utingo akauliza kama kuna mtu amepoteza shilingi. Mimi pia niliinama, na leso yangu ikanifunika uso, na nikiwa chini kule niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote. Miti ya pale imeegemea. Kingo za barabara zimeegemea. Kilima cha nyuma kimeinamia upande wake, na hakuna mahali macho yanapopata mstari ulionyooka wa kujipimia. Macho yetu hayana paipu ndani yake. Yanaazima usawa kutoka kwa vitu vya jirani, na pale Kituluni vitu vyote vya jirani vimepinda, kwa hiyo mteremko unaonekana mpando.

Niliwaeleza watoto hivyo, tumekaa kwenye nyasi tunakula mahindi ya Susu. Maji hayajawahi kupanda. Yamekuwa yakishuka siku zote, kama yanavyovutwa kushuka kila mahali, na mpira vilevile, na magari. Nilipomaliza kueleza nikagundua na mimi nimeelewa, na mlango wangu wa kichwani sasa uko wazi na upepo unapita.

Susu alisikiliza huku akigeuza mahindi.

"Kwa hivyo hiyo graviti haikushindwa?" aliuliza.

"Haikushindwa, Susu."

"Nani alishindwa?"

"Macho."

Akafikiri. "Ya watu wa Nairobi pia?"

"Ya kila mtu."

"Basi kilima chetu bado iko na kazi," akasema, na akampa Mwende hindi kubwa kuliko yote.

Na kazi ilikuja hapo hapo. Gari jeupe lilisimama, familia kutoka Syokimau, baba mwenye miwani tayari ameshika simu akirekodi. Susu alinyanyua jagi, lakini Mwende alikuwa ameshamfikia yule baba.

"Habari yako. Ngoja, nitakuonyesha kitu," alimwambia.

Alimpa fimbo ya juu na kumwonyesha pa kuweka kidole. Yule baba alikuwa anatabasamu lile tabasamu la watu wazima wanapocheza na watoto. Alipoinua kidole, maji yakammwagikia mkononi na tabasamu likaondoka. Alitazama barabara. Alimwita mkewe. Alisema haiwezekani, akasema tena haiwezekani.

"Hata mimi nilisema hivyo," Mwende akamjibu, kwa upole sana, kama daktari.

Wenzake walikuwa nyuma yake wamepanga mstari, kila mmoja anataka kushika paipu. Jina la mapepo nililisikia mara moja tu tukipanda basi kurudi, na aliyelitamka alikuwa Mwende mwenyewe, aliyebaki kwa Susu wikendi, akiwatania.

Lakini bado sikuwa na uhakika. Furaha ya Ijumaa inaweza kuisha Jumapili. Wikendi nzima nilikuwa nafua na kupika huku najiuliza kama mtoto aliyekosea mbele ya watu wote, hata akicheka, atathubutu tena darasani.

Leo asubuhi niliingia na kuandika ubaoni kichwa cha somo. Sikuwa nimefika katikati ya mstari niliposikia kile kishindo cha kiti kusogezwa. Niligeuka.

Mkono ulikuwa juu.

Sijui kama nilificha vizuri uso wangu. Nilijifanya natafuta chaki ambayo nilikuwa nimeishika. Mwende hakungoja hata nimwite.

"Ticha, kama kule kwetu macho ilitudanganya, tunajua aje hapa shule haitudanganyi?"

Ningejibuje swali kama hilo kwa maneno? Tulitoka nje na paipu. Tulipima veranda, tukapima uwanja wa mpira, na tukagundua kwamba goli la upande wa jikoni liko chini sana kuliko lile lingine. Hapo ndipo Gredi ya Tano nzima ikaelewa kwa nini Gredi ya Sita hung'ang'ania kushambulia upande wa jikoni, mpira unawasaidia kukimbia. Kulikuwa na hasira ya haki. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akakuta watoto wamepitisha paipu mlangoni kwake, Hafsa yuko kando ya meza yake na fimbo.

"Ndunge, kilima kimekushinda?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Sasa tunapima ofisi yako."

Akauliza vipimo vimetokaje. Hafsa akamwambia kona ya kabati iko chini, na mzee wa watu akasema ndiyo maana kalamu zake huanguka upande ule ule kila siku. Alikaa nasi mpaka kengele ikalia.

Tulipokuwa tunakunja paipu, Mwende alikuja kusimama kando yangu. Alikuwa anaangalia juu, ukungu ulipokuwa umefunguka kidogo na mwezi wa mchana ukaonekana, mweupe na hafifu.

"Ticha," alisema, "umeandika dunia inavuta kila kitu. Sasa mbona mwezi hauanguki?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba nitatafuta. Alifurahi kuliko kama ningemjibu.

Nimetafuta tangu nifike nyumbani. Nimesoma kwamba mwezi unaanguka kila wakati, ila unakwenda kando kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila ukianguka unaikosa dunia na kuizunguka. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara naielewa mpaka nifike nukta. Nimefunga funguo kwenye uzi nikazizungusha sebuleni nione, zikagonga chupa ya chai, na mume wangu ametoa kichwa jikoni kuuliza kama niko salama.

Niko salama. Sijaelewa bado, na kesho saa mbili asubuhi yuko mtu mwenye sweta kubwa atakayenidai jibu. Asubuhi ichelewe kidogo, niendelee kuzungusha funguo. Au ije tu upesi.